Paa la Ismay

Mama yangu hakufundishwa kuchora.
Alianza na mabango ya baa za Gouyave:
"Ramu ipo," "Leo pesa, kesho deni,"
na samaki mmoja wa bluu mwenye kope ndefu
ambaye wavuvi walimcheka, kisha wakamzoea,
kisha mtu akamwiba pamoja na ubao wake.

Mchana alikuwa ghalani, kwenye kungumanga,
akibandua basibasi kwa kucha,
utando ule mwekundu unaokumbatia kokwa
kama wavu uliojaliwa samaki mmoja tu.
Alirudi na vidole vya rangi ya kutu.
Tulivinusa kabla ya kula.

Kisha ikaja tufani ya Septemba.
Juu ya upepo sina la kuongeza.
Nitasema tu kwamba paa lilipaa,
likatii jina lake,
na baba, aliyekuwa ameshika kamba,
hakuiachia.

Tulimzika siku ya nne.
Mlimani mikungumanga ililala mizizi juu
kama ng'ombe waliokufa kwa kiu.

Yakaletwa maturubai ya bluu.
Miaka miwili tulilala chini ya bluu ile;
kila alfajiri nyuso zetu zilikuwa za watu waliozama.
Mama hakugusa brashi.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifumua:
magunia ya ghala, uzi kwa uzi,
chandarua, soksi zangu za shule,
shati la baba la kanisani.
Majirani wakasema, Ismay ametutoka.
Shangazi Philomène alikuja na chai ya mchaichai
na mafuta ya kungumanga ya kumchua mabega.
Jikoni aliniambia, "Mwache.
Mkono unaofumua bado unatafuta kitu."

Mimi nilimkasirikia kwa ajili ya shati.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano,
nilitaka kubaki na kitu cha kunusa.
Sikumsemesha mpaka Kwaresima.

Aliposimama hakutangaza.
Aliokota fremu ya mlango uliokosa nyumba,
akaipigilia misumari juu na chini,
akatanda nyuzi, akaanza kufuma.
Rangi alizipika kwenye sufuria ya supu:
manjano, basibasi, masizi, bluu ya kufulia.
Alipaka uzi, akafuma, akapaka kilichofumwa,
akafumua kiganja kizima, akarudia.
Maturubai aliyachana membamba kama tambi
akayapitisha katikati.
Ikawa bahari, au mbingu. Sikuuliza.
Nilichokiona ni kona ya chini, kushoto:
kope ndefu.
Samaki yule amerudi,
na jicho lake ni kifungo cha shati.

Nilikaa sakafuni.
Mama akanipa sindano bila kunitazama.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja kutoka St. George's,
viatu vyake bado visafi.
Akauliza bei. Akauliza jina la kazi.
"Paa."
Akaandika.
Akauliza, kwa sauti ya kanisani,
kama kufuma ndiko kulikomponya.
Mama akakata uzi kwa meno.
"Sijapona," alisema. "Nashona."
Kisha akakigeuza kitambaa, akamwonyesha mgongo wake:
mafundo, ncha zinazoning'inia,
uzi mwekundu uliokatika ukaungwa kwa wa kijani
kwa sababu siku ile mwekundu ulikuwa umekwisha.
"Watu husimama kule mbele," akasema.
"Mimi nakaa huku."

Hakukiuza. Kiko ukutani, chini ya bati jipya
ambalo mvua hulipiga kwa kelele zisizo na aibu.
Nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
mikono inanuka dawa,
navua viatu, napiga magoti kwenye ile kona
na kukiweka pua kifungo.
Kinanuka basibasi, na gundi, na vumbi kidogo.
Baba hayumo.
Nanusa tena.